Baada ya Wimbo wa Tisa

Ghala la sufu, Dunedin. Mvua ya Julai ilipiga bati
na Tamsin akasema: iacheni, nayo iingie.
Hakuna aliyetamka "mwisho".
Corwin alikaza ngoma zake
kama anayekaza kamba za mzigo.
Ihaia alisahau ubeti wa pili, akaguna tu,
na mguno ule ndio tuliobakiza.

Miaka kumi na tisa tuligombania gitaa langu:
ongeza, punguza, ongeza.
Siku ile kila mtu alipunguza chake
ili amsikie mwenziwe.

Kwenye santuri, wimbo wa tisa ukiisha,
usiinue sindano.
Kiti kinalia. Mtu anauliza, "Nani ana funguo?"
Kisha mvua peke yake,
dakika nzima,
haina habari kuwa tumeondoka.