Mto Hauna Bamvua

Umeme umekatika Wete tangu magharibi,
kwa hiyo mto tumeutandaza juu ya meza ya kukatia
ya Shaame fundi cherehani,
kona zake tumezibana kwa mkasi, pasi,
kopo la vifungo, na simu ya Raya inayomulika.
Ni mto wa milimani, huko bara;
jina lake kila mmoja wetu analitamka vyake.

Raya ndiye aliyekwishauona.
Alikwenda mafunzoni, akashuka nao mara moja,
akarudi na goti la nyuzi sita na hiki kichaa.
Anapitisha kidole: hapa unateremka kama ngazi,
hapa unajikunja kiwiko, hapa pana jiwe
wenyeji wanaliita Mkwe,
maana hulipiti bila kuliamkia.

Hesabu ziko kwa Bimkasi,
daftari la mistari, kalamu imefungwa uzi:
boti mpaka Tanga, watu wanne.
Mchele hatununui, tunachukua.
Kofia ngumu, Faki ataazima kwa bodaboda wa Limbani.
Kamba, pima ishirini. Dawa ya kuharisha.
Zamu ya kibati ya Shaame inaangukia Mfunguo Nane;
kabla ya hapo hatuna hata kafi.
"Andika na sanda," Faki akasema.
Hakucheka mtu.
Bimkasi akaandika: sabuni.

Mama nilimwambia akiwa anachambua choroko.
"Maji meupe? Si yamo mferejini humu?"
Nikamweleza: yanachemka bila moto, yanapiga mawe,
na mtu amekaa juu ya mpira.
"Na mnalipa?"
"Tunalipa."
Akapeta ungo mara mbili.
"Haya. Wenzenu hulipwa kwa tabu."

Ijumaa, baada ya Isha, tulifanya mazoezi.
Magunia ya vitambaa ndiyo boti,
mipini ya mafagio ndiyo makafi,
Raya juu ya kigoda: Mbele! Mbele!
Nyuma kushoto! Kaeni ndani!
Tukaangukiana, Shaame akapoteza kofia,
na jirani wa chini akagonga dari kwa mchi,
akauliza kama tunahama.

Nani hajui kuogelea? Hakuna. Siye watoto wa gatini.
Sahauni, anasema Raya.
Maji ya chumvi hukubeba;
maji baridi hukuachia uzito wako mwenyewe.
Bahari ina adabu ya saa, hujaa, hupwa,
ilichokichukua leo
kesho huenda ikakirudisha, japo ni kandambili moja.
Mto hauna bamvua wala maji mafu.
Mto ni kwenda tu.

Hapo Bimkasi akaiweka kalamu chini.
Yeye ndiye mwenye daftari na jina lake halimo.
Hatumwulizi. Tangu usiku ule usiotajwa
hata njia ya gatini huizunguka.
"Huenda," akasema. "Umesema huenda.
Mie hiyo bahari yenu naijua."

Akaichukua simu, akamulika,
akaufuata mto kwa ukucha, polepole,
ngazi, kiwiko, Mkwe,
mpaka karatasi ilipokwisha pembeni mwa pasi.
"Na huu, ukishamaliza makelele yake, unakwenda wapi?"
Raya akasita.
"Baharini."
"Ipi?"

Ni hii hii. Alfajiri mbingu ikitakata
milima yenyewe huonekana, buluu,
juu kidogo ya mabati ya soko,
na kila siku tunanunua mikate tumeipa mgongo.

Umeme ukarudi kwa kishindo, feni ikaamka,
kona isiyokuwa na simu ikanyanyuka,
na mto ukaruka mezani.
Tukaukimbiza peku kati ya vipande vya khanga,
Faki akajichoma pini, akapiga ukelele.
Bimkasi ndiye aliyeukanyaga.

"Watu watano," akasema, mguu bado uko juu ya maji.
"Na kofia ya bodaboda,
iliyojaa jasho la watu,
mie sivai."