Kikulacho

Leelo alianza kwa kuilaumu sufu.
Miaka arobaini anaifuma, pale Tartu,
haijawahi kumgeuka.
Akachemsha shuka, akabadili sabuni;
mbwa wake Muri akalazwa nje, wiki nzima,
thelujini, bila kosa.

Kikulacho, tunaambiwa, ki nguoni mwako.
Akavua nguo.
Kikazidi kula.

Saa tisa usiku
alijikuna kwa kitana cha kuchambulia sufu
mpaka mto ukapata madoa.
Vidonge vya mzio vilimlaza yeye;
mwasho ulibaki macho.

Daktari Urmas akakata kinyama cha ngozi
kama punje ya dengu,
na baada ya siku kumi akasema taratibu:
askari wa damu yako wameasi.
Hawakutoka nje, Leelo. Ni wako.
Wamepiga kambi chini ya ngozi,
wanapeleka salamu kwenye mishipa ya fahamu,
neno moja tu, usiku kucha:
kuna.

Kuna nini? aliuliza.
Saratani, akajibu. Na dawa pia ipo.

Jioni ile alivaa glavu za pamba,
akafungua mlango,
akamwita Muri ndani,
akapiga magoti kumwomba radhi.