Nusu Ukurasa

Mkuu wa chuo kasema: nusu ukurasa, Bi Esha, usizidishe,
wino wa printa umebaki wa kukwangua.
Basi nabana.

Bi Somoe wa ushonaji kajifungua pacha, hospitali ya Ndanda.
Mabinti wa mwaka wa pili wameuliza
lile mnalotaka kuuliza na ninyi: wanasikia?
Kajibu kwa simu ya video, mkono mmoja, wa pili umebeba:
sijawapima. Wananyonya.

Mama Ajaba wa jikoni kapata ajira ya kudumu.
Miaka kumi na mmoja kibarua, akikanyaga sakafu ya bwalo
mara mbili kwa kisigino, na meza ya mwisho kule dirishani
inajua kwa nyayo kwamba ugali umeiva.
Barua yake ilikuja na jina limekosewa. Imerudishwa.
Itakuja tena.

Jumatano mafundi wanafunga taa za sola mabwenini.
HILI NALIANDIKA KWA HERUFI KUBWA.
Kwingine hapa Newala umeme ukikatika, redio hunyamaza, basi.
Kwetu sentensi inakatikia mkononi,
mtu anabaki gizani na nusu ya neno lake,
mwenzake anampapasa kiganja aisome nusu nyingine.
Nimewahi kuwamulika kwa tochi. Nikaona haya, nikaizima.

Jumamosi mpira na Nachingwea, uwanja wetu.
Refa tumemwomba aje na bendera.
Filimbi, kama anaipenda sana, aivae shingoni.

Siku ya wazazi imesogezwa hadi baada ya mnada wa pili wa korosho.
Mjumbe mmoja wa bodi alitaka tarehe ya kwenye kalenda;
mzazi wa Kitangari hana kalenda, ana magunia.

Na sasa lile ninalolizungukia.

Mwalimu Likwangule anastaafu tarehe thelathini.
Useremala, miaka ishirini na sita.
Alifika hajui alama hata moja, wakamfundisha wanafunzi
jioni, miguu ndani ya maranda,
na mwaka wake wa tatu msumeno ukala kidole cha shahada
mpaka kifundo cha pili.
Tangu siku ile kila neno linalopita kidole hicho
hutoka fupi.
Wageni walidhani anakosea.
Wanafunzi hawakudhani kitu. Waliiga.
Mkaguzi alipokuja mwezi wa tano akaniuliza pembeni:
mbona vijana wote wa karakana wanakunja kidole kile,
hii ni alama ya wapi, kwenye kamusi haimo?
Nikamwambia ni lafudhi.
Akaandika. Sijui aliandika nini.

Nafasi yake anaichukua Faraji Mchopa,
mhitimu wetu, kiziwi, kama mnavyomkumbuka,
yule aliyevunja kitanda cha bweni akakirudisha kikiwa na droo.
Miaka saba ametengeneza milango ya watu Masasi.
Ameripoti Ijumaa asubuhi, ukungu bado umelala kwenye paa,
akasimama mbele ya karakana na vidole kumi, vizima vyote,
akajitambulisha.
Akakunja kile kimoja.

Mzee alikuwa kwenye benchi anafuta randa.
Akageukia ukutani kutafuta kitu kabatini,
na kabati lile nalifunga mimi, ufunguo ninao mimi,
hamna kitu mle.
Alitafuta muda mrefu.

Imezidi nusu, naona. Wino nitanunua.

Hafla ya kumuaga ni tarehe ishirini na nane, saa nane mchana.
Mchango shilingi elfu tatu, nileteeni mimi, si mlinzi.
Wageni mnaosikia: msipige makofi, hayatafika.
Inueni mikono juu, mtikise vidole,
vile mlivyo navyo.