Kioo Kilichopozwa Haraka

Saa tisa usiku, St Helens, zamu yangu na Doreen Hesketh.
Nje mvua ya Lancashire, isiyonyesha wala isiyokatika.
Ukanda unatuletea mitungi, angavu,
kama haijawahi kukutana na moto.
Kazi yetu ni kuishuku.

Nilifundishwa hivi siku ya kwanza:
shika kamba, mwenzio ashike ncha ya pili, itikise.
Inapanda, inashuka, inakwenda kushoto, kulia.
Mwanga nao hauna adabu, unatikisika kila upande.
Sasa ipitishe kwenye ua wa fito zilizosimama:
kitakachovuka ni kupanda na kushuka tu.
Weka ua wa pili, fito zimelazwa.
Basi.
Karatasi mbili za plastiki, kila moja peke yake mchana;
ukizipishanisha, usiku.

Doreen akauweka mtungi kati ya ua na ua,
na giza likachanua:
zambarau, manjano ya binzari, kijani cha shingo ya njiwa.
"Hapa," akagusa kwa ukucha, "hapa umeumia.
Umepozwa haraka. Nje ukaganda,
ndani ulikuwa bado unataka kusogea.
Wanavutana tangu hapo. Hauna ufa, la.
Subiri utiwe maji ya moto."

Nyumba njema si mlango, sawa,
lakini hii ni nyumba iliyo mlango mtupu:
unaona hadi ng'ambo
na bado hujaingia.

Jumamosi alinipeleka mferejini.
Baba yake, alisema, alivua hapa samaki wa rangi,
wa kufugwa, waliotupwa na wenyewe, wakazaliana,
maana kiwanda kilimwaga maji ya moto.
Mimi niliona mbingu tu, imelala juu ya maji,
na uso wangu ndani ya kofia ya sufu.
Akanivalisha miwani yake ya jua (jua lipi!).
"Inamisha kichwa. Taratibu."
Mbingu ikavutwa kama kitambaa cha meza.
Chini: baiskeli, tope,
samaki mmoja wa kijivu, wa kawaida kabisa.
Nikamnyooshea kidole.
"Hayupo hapo. Yuko chini zaidi.
Maji yamemnyanyua ili umwone."

Usiku mama akapiga kutoka Muheza.
"Mbona sauti yako?"
"Baridi tu, mama. Mzima."
Kioo: kwetu neno moja,
la kinachopitisha na la kinachorudisha.
Dirishani nilijiona nikisema mzima,
na taa ya barabara ikiwaka katikati ya kifua changu.
Jumanne mchana nilikuwa naanika khanga uani;
Jumatano asubuhi nilikuwa Manchester,
ndani ya sweta ya mtu mwingine.

Mitungi ile haitupwi yote.
Mingine hurudishwa tanuri, si kuyeyushwa, kupashwa tu,
kisha huachwa ipoe kwa uvivu, saa kwa saa,
hadi rangi zife.
Doreen hufurahi zikifa.
Mimi huomba niitazame mara moja zaidi
kabla hajatia tiki.

Mapumziko. Chai ya maziwa inamchafua kijiko,
kwa hiyo nakunywa ya rangi, kwenye glasi,
nimwone vizuri alivyovunjika shingo.
Namtoa: amenyooka.
Namrudisha.