Uzi wa Kijani

Kila Alhamisi, saa mbili na robo,
mlinzi hajamaliza kufungua komeo,
Saturnina Ccorahua amekwisha fika,
viatu vyenye tope la Qochapampa,
safari ya saa tano kwa lori la viazi.
Mimi ni karani. Kazi yangu muhuri na foleni.
Namwambia, "Mama, bado."
Ananijibu kwa Kikechua neno zito kidogo kuliko asante,
kisha anaketi kwenye benchi,
anafuma.

Mwanawe Eleuterio alichukuliwa Agosti,
usiku wa barafu, askari tisa,
na aliyewaamuru alikuwa na tochi na sauti ya upole.
Kijana wa miaka kumi na saba,
sweta jekundu, kiwiko kimetoboka;
mama alikuwa amekiziba jana yake
kwa uzi wa kijani, kwa kuwa mwekundu ulimwishia.
Haya yote yamo kwenye faili, ukurasa wa nne.
Nimeupiga chapa mara mbili. Wa kwanza niliumwagia kahawa.

Miaka thelathini na minne.
Marais wamepita kama rasharasha.
Yule kapteni akawa kanali, kanali akawa mstaafu
mwenye waridi bustanini na shinikizo la damu.
Siku moja nilimwuliza yule mama
(nakiri, nilitaka kumwumiza kidogo,
maana imani ya mtu mwingine huchosha kuitazama):
"Huyo Mungu wako ana saa kweli?"
Hakuinua macho. Alihesabu vitanzi mpaka mwisho wa mstari.
"Nilimwomba haki," akasema.
"Siku sikumtajia. Ningemtajia, ingekuwa namkopesha."

Nilicheka. Kisha sikulala.

Walichimba mwezi wa Mei, nyuma ya kambi ya zamani,
vijana wenye brashi na chekeche,
wakipepeta udongo kama mtu achekechaye unga wa mgeni.
Vifungo. Jino. Soli ya ndara ya mpira.
Tukamwita. Akapita meza kumi na moja
na hakusimama,
hakusimama,
ya kumi na mbili akachutama,
akaweka kidole juu ya kiwiko.
Wekundu wote ulikuwa umegeuka udongo.
Ule uzi wa kijani ulikuwa kijani.

Mimi si mtu wa kanisa.
Lakini nimeona ardhi iliyoamriwa inyamaze,
ikanyamaza, na bado ikatunza ushahidi
kuliko kabati letu la chuma.

Nikasema: sasa. Sasa hukumu.
Ijumaa ikaja barua. Mshtakiwa amefariki
usingizini, nyumbani kwake. Kesi imefungwa.
Muhuri niliugonga mwenyewe,
na mkono ukaona haya.

Nilidhani atapiga yowe. Alitaka nimsomee tena, polepole.
"Usingizini," akarudia.
Nje muuza mikate alipita akinadi.
Ndipo aliposema, kwa mtu ambaye si mimi:

   Mola ujuaye jina, la kila mfupa chini,
   leo hii mwaonana, bila tochi mkononi;
   sikufunzi la kunena, Wewe Mwenyewe mizani,
   ila muulize jina, la mtoto wa shimoni.

Jeneza lilikuwa dogo, jeupe, kama la mtoto mchanga;
mifupa haihitaji nafasi.
Alilipakata juu ya lori, kati ya magunia.

Nikaifuta Alhamisi yake kwenye daftari langu.

Wiki iliyofuata, saa mbili na robo,
viatu vile vile, tope lile lile.
"Mama," nikasema, "yako imekwisha."
"Yangu, ndiyo," akasema.
"Zile meza kumi na moja nyingine je?"

Akaketi. Akatoa sufu.
Nami nikafungua faili jipya,
nikaandika tarehe,
na pale penye jina la mlalamikaji
kalamu ikasimama muda mrefu.