Kichwa Chini

Fomu waliyotupa haikuwa na mstari wa nchi uendayo.
Jina, umri, ugonjwa wa moyo kama upo,
na sababu ya safari: kaburi.
Pasipoti ziacheni nyumbani, alisema afisa wa wizara,
ukigongewa muhuri kule umekiri kwamba kule ni ng'ambo,
na kule, kumbukeni, si ng'ambo.
Mama alicheka mpaka akakohoa.
"Basi hili jaketi la kuokolea la nini?"

Alitolewa Shikotan ana miaka tisa,
kapakiwa ndani ya wavu wa mizigo, winchi ikiwanyanyua
yeye na dada zake na sufuria ya wali,
samaki waliovuliwa kinyume,
kutoka nchi kavu kwenda majini.
Hilo kwenye vipeperushi halimo.
Kwenye vipeperushi mna ramani,
na kisiwa kimepakwa rangi yetu.
Wenzetu nao wana ramani,
na kisiwa kimepakwa rangi yao.
Kisiwa chenyewe, tulipokiona, kilikuwa na rangi ya ukungu.

Hata jina si letu, wala si lao.
Ni la Waainu, maana yake kijiji kikubwa,
na Waainu hakuna aliyewapelekea fomu.

Gatini alitupokea Raisa Kovtun,
kitambaa cha maua kichwani, buti za mpira,
mikono ikinuka samaki wa kiwandani.
Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Ila pale kizingitini mgeni nani?
Mama, aliyekwenda moja kwa moja kisimani, nyuma ya msonobari,
bila kuonyeshwa?
Au Raisa, aliyezaliwa chumba cha pili,
aliyemzika mama yake kilima kile kile?
Walisimama mlangoni, kila mmoja akimwambia mwenzake: tangulia.
Mkalimani kimya. Alikuwa ameagizwa
asitafsiri neno "nyumbani".

Chai. Mkate mweusi. Jemu ya matunda ya porini.
Kisha Raisa akatupeleka zizini.
Miaka mingi, alisema, ng'ombe wake alikanyaga jiwe moja la sakafu,
hadi siku moja samadi ilipokauka akaona michoro.
Mumewe alimwambia, liache, watakuja kudai na zizi.
Akalichimbua peke yake.
Akalisugua kwa mswaki,
akalikokota hadi kilimani kwa sleji ya kubebea kuni,
akalisimamisha, akalizungushia kokoto nyeupe.

Lilikuwa jiwe la babu.
Lilikuwa kichwa chini.

Angejuaje? Kwake herufi zetu ni nyayo za kuku.
Nilifumbua mdomo. Mama akanifinya.
Akainama, akainama tena, na mgongo wake wa miaka sabini na minane,
akapinda shingo hadi shavu likagusa nyasi,
akalisoma jina la baba yake
polepole, kwa sauti,
na Raisa akitikisa kichwa kwa fahari
kama mwalimu ambaye mtoto mzito wa darasa amefaulu.

Tulirudi na chupa ya jemu na kifurushi cha mwani.
Forodha hawakujua waandike vimetoka wapi.
Wakaandika: vitu.

Siku hizi meli haziendi. Wakubwa wamenuniana tena,
safari hii kwa vita vya mbali visivyotuhusu sisi wala ng'ombe.
Wanatufikisha katikati ya mlango-bahari,
injini inazimwa, tunauinamia ukungu,
tunageuza kabla ya chakula cha mchana.

Mama haendi hata huko. Yuko hospitali ya Nemuro,
kitanda cha dirishani, upande wa mashariki.
Jana aliniuliza, "Bado liko vile?"
Bado, nikasema.
"Vizuri. Asije mtu wa serikali akaligeuza
kabla sijamwambia Raisa mwenyewe."
Akaanza kuhesabu kwa vidole maneno ya Kirusi anayoyajua.
Yako manne.
Chai. Asante. Ng'ombe.
Tangulia.