Karatasi ya Simenti

Mafundi wa Kadutu wakimaliza lipu
Nsimire huokota mifuko mitupu.
Tabaka la nje, lenye vumbi, halitaki;
la ndani hulikung'uta, hulipangusa, hulikunja
hadi lilie kwaru-kwaru kama viatu vya Pasaka.

Muhuri ni nusu ya kiazi:
nyota ya miguu sita, mmoja mfupi, kisu kiliteleza.
Wino ni masizi ya sufuria na tone la mafuta.
Kamba ni ganda la mgomba lililolala majini;
bei yake, kumsalimia vizuri Mama Cibalonza.

Ndani, hereni za pembe ya ng'ombe,
jozi moja,
siku mbili za tupa na msasa.

Jumanne kifurushi kikapanda ndege ya Kinshasa.
Ijumaa simu ikatetemeka mezani:
picha ya kifurushi, kingali kimefungwa,
kimesimamishwa kabatini kando ya picha ya harusi.
"Dada, kizuri mno. Naogopa kuligusa fundo."

Nsimire akacheka, kisha akanyamaza,
akatazama vidole vyake,
unga wa pembe umeganda kuchani.
Akaandika:
"Fungua.
Karatasi niliokota.
Mimi nimo ndani."